Kirangozi wetu yuko wapi?

Wadau, nilipotea kidogo. Vikao vya Bunge vilinibana, na vilipoahirishwa watu wakafanya kile wanachofanya watu wa Dodoma kila Ijumaa jioni: begi mgongoni, mbio stesheni, treni ya umeme, Dar. Tangu treni hii ianze mwaka 2024, mji wetu mkuu siku za wikiendi unabaki na sisi tusio na shemeji Mbezi. Safari hii nilikuwa na sababu nzuri ya kubaki. Nilikuwa nimeshalipia ziara.

Tangazo lake lilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwa kama wiki mbili. "Siku mbili katika miji ya kale." Laki moja na ishirini kwa kichwa, usafiri, chakula, kiingilio na mwongozaji humohumo. Kondoa Jumamosi, Kongwa na Mpwapwa Jumapili, usiku unalala kwako. Picha ya tangazo ilikuwa kilima chenye mji wa mawe juu yake, mapaa ya vigae vyekundu, mnara wa kanisa, na mbele kabisa shamba la mizabibu likimeremeta kwa jua. Niliitazama mara mbili. Ile haikuwa Kondoa, jamani. Ile ilikuwa Italia.

Nilicheka, nikamtumia rafiki yangu mmoja, naye akacheka. Halafu nikaanza kufikiri kwamba mtengeneza tangazo, pamoja na uvivu wake, hakukosea sana. Jua tunalo, tena la mwaka mzima. Ukame wa kuotesha zabibu tunao. Mizabibu ya Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Italia hawalipati, wao ni mara moja tu. Na miji ya zamani iliyojipanga kwenye barabara moja, kila mmoja na kisa chake, hiyo nayo tunayo. Tofauti ni kwamba wao wamejua kuisimulia. Sisi tunaipita tumelala ndani ya basi, vichwa vimegonga kioo.

Basi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukapanda Kosta pale stendi, watu ishirini na sita. Walimu wawili watatu, watumishi wa wizara waliohamishiwa Dodoma, wanafunzi wa UDOM, kina dada wanne wa benki waliovaa kofia pana, na mzee mmoja mstaafu wa idara ya maji aliyekuja na mjukuu wake. Mwongozaji alikuwa kijana wa rika langu, kaja kutoka Dar, mchangamfu, kipaza sauti mkononi. Simtaji jina wala kampuni yake, kwa sababu tatizo nitakalolisema si lake peke yake. Ni la kwetu sote.

Niseme kwanza kwamba mimi si mmoja wa wale wanaodharau ziara za makundi. Najua kuna wenzetu wanaoamini kwamba msafiri wa kweli anakwenda peke yake na begi moja, na kwamba wale wazee wa Kizungu wanaomfuata mtu aliyenyanyua mwavuli katika mitaa ya Roma au Granada ni kondoo. Sikubali. Kundi linapunguza gharama. Kundi linakupeleka mahali ambapo peke yako usingekwenda, maana nani kati yetu ataamka Jumamosi akasema leo naenda Mpwapwa kutembea? Utaulizwa kama una msiba huko.

Tena, kwa kuongozwa kwa makundi, sisi hatuna la kujifunza Ulaya. Karne ya kumi na tisa nzima, nchi hii ya katikati ilikatizwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, kama kilomita 1,200 kwa miguu. Watu mamia kwa mamia. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi begani au kichwani. Na mbele yao alikuwepo mtu mmoja anayeitwa kirangozi. Wageni waliosafiri na misafara hiyo wanamweleza akiwa na nguo nyekundu na manyoya kichwani, bendera mkononi, ngoma ikilia karibu yake. Yeye ndiye aliyejua njia, kisima kipi kina maji mwezi huu na kipi kimekauka, na mtemi gani anaamkiwa namna gani. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Hebu mlinganishe na yule wa mwavuli wa Roma. Kazi ni ileile, isipokuwa wa kwetu akikosea njia watu wanakufa kwa kiu.

Tuache hayo, twende Kolo.

Kolo iko kaskazini ya Kondoa mjini, kwenye barabara kuu ya kwenda Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lote ni kilomita za mraba 2,336, na inakadiriwa kuna mapango na miamba yenye michoro kati ya 150 na 450. Umri wake bado unabishaniwa, lakini UNESCO yenyewe inazungumzia mfululizo wa angalau miaka elfu mbili. Zamani kufika kulikuwa adhabu. Siku hizi ni lami tupu kutoka Dodoma, ile barabara iliyozinduliwa mwaka 2018, saa mbili na nusu hivi na muziki juu.

Mwongozaji wetu akashika kipaza sauti: "Michoro hii iligunduliwa na mwanamama mtafiti Mary Leakey miaka ya hamsini."

Kimya kidogo. Kisha yule mzee wa maji, kwa upole kabisa, akauliza: "Samahani, mwanangu. Kabla yake Warangi walikuwa vipofu?"

Basi zima liliangua kicheko, na kijana naye akacheka, mstaarabu. Lakini swali lilibaki limening'inia mle ndani. Mary Leakey alifanya kazi kubwa, hilo halina ubishi. Alinakili michoro ile kwa mkono, moja moja, na kitabu chake cha mwaka 1983 ndicho kilichoitangaza duniani. Ila hakugundua kitu. Pale Mungomi wa Kolo, penye michoro inayojulikana kuliko yote, wazee wa Kirangi walikuwa wakipanda kutambika kabla yake, na wanapanda mpaka leo, kuomba mvua, kuomba uzima.

Hili tulielezwa na mtu mwingine, yule wa ofisi ya mambo ya kale pale pale Kolo aliyetupandisha mlimani. Huyu ni mwenyeji. Hana kipaza sauti. Aliongea taratibu, akasimama kila tulipohema (kina dada wa benki walishavua viatu), na akatuonyesha mchoro wa watu warefu wembamba, wekundu, mmoja katikati na wengine kila upande kama wanamvuta. Leakey alidhani ni utekaji wa mwanamke. Watafiti waliokuja baadaye, wakiangalia desturi za Wasandawe, wanaona si utekaji bali ni ngoma ya uganga, watu wamepandisha na wenzao wanawashika wasianguke. Picha ileile, kisa kimoja cha vita na kisa kingine cha tiba. Nilisimama pale nikakumbuka ni habari ngapi nimeandika kwa kumsikiliza mtu mmoja tu.

Na akatuambia jambo ambalo kwenye tangazo halikuwepo. Pombe ya mtama inayonyunyiziwa mwamba wakati wa tambiko, wahifadhi wanasema inaharibu michoro. Wazee nao wanasema mahali pale pamekuwa patakatifu kabla hapajawa urithi wa dunia, na bila tambiko patakuwa mwamba tu. Kila mmoja ana hoja. Mimi niko upande wa wazee kwa nusu zaidi, lakini nakiri nilifurahi kuiona ile michoro ikiwa bado inaonekana.

Tukashuka saa nane, njaa inauma. Barabarani pana mama lishe, ugali wa mtama unafuka, mlenda, kuku wa kienyeji. Mwongozaji akafungua buti: maboksi ishirini na sita ya chips kuku, yamenunuliwa Dodoma alfajiri, yamepoa kama barafu. Tulikula tumesimama kando ya Kosta, huku yule mama akitutazama. Mahesabu nilifanya palepale. Watu ishirini na sita mara laki moja na ishirini ni zaidi ya milioni tatu. Kolo ilipata kiingilio, na dada mmoja akanunua karanga.

Hapa ndipo nilipoikumbuka Venice. Ule mji wa Italia uliojengwa majini ulilalamika miaka mingi kuhusu wageni wanaoshuka asubuhi kutoka kwenye meli kubwa, wanapiga picha, wanarudi kula melini. Serikali ya Italia ikazizuia meli kubwa kupita katikati ya mji kuanzia Agosti 2021, na Aprili 2024 Venice ikaanza kumtoza mgeni wa kutwa euro 5 kwa siku fulani fulani za msimu. Magazeti ya Ulaya yaliandika kwa mshangao mkubwa, kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea duniani. Limewahi, na lilitokea hapa. Nitalieleza tukifika Mpwapwa.

Jumapili tulianzia Kongwa, na Kongwa sitakaa sana, ingawa ilistahili siku nzima. Huko ndiko Waingereza walipomwaga fedha baada ya Vita Kuu ya Pili kwenye ule mradi wa karanga, matrekta hata ya mabaki ya vita, udongo mgumu, mvua haba, mpaka Januari 1951 serikali yao ikaufuta na kuandika hasara ya zaidi ya pauni milioni 30. Hiyo mwongozaji aliijua vizuri, na alituchekesha. Isipokuwa hatukusimama kwenye jambo la pili. Kuanzia mwaka 1964 Kongwa ilikuwa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe, MPLA wa Angola. Samora Machel alikuwa hapa kabla ya kuwa rais wa nchi yoyote. Wapo waliozikwa hapa, na wapo waliooa hapa wakaacha damu yao. Mwanafunzi mmoja wa UDOM aliomba tupite makaburini. Akajibiwa muda hautoshi, Mpwapwa iko mbele.

Haya. Mpwapwa.

Mji mtulivu, chini ya milima ya Kiboriani, kama kilomita 120 kutoka Dodoma. Tuliteremshwa karibu na soko, na kijana wetu akasema kwamba njia hii ya kati walipita Burton na Speke mwaka 1857, hapa alipita Stanley mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, hapa walikuja wamisionari wa Kiingereza miaka ya 1870, na hapa Wajerumani wakaweka kituo miaka ya 1880. "Mna dakika ishirini za picha."

Picha ya nini? Tuliangaliana. Yeye mwenyewe hakujua atuelekeze wapi. Orodha ya wazungu ilikuwa imekwisha, na historia yake nayo ikawa imekwisha.

Kwenye benchi nje ya duka la vifaa vya ujenzi alikuwa amekaa mzee, fimbo magotini. Mstaafu wa maji akamwamkia, "Mbukwenyi," naye akaitikia na uso ukamfunguka. Kumbe ni mwalimu mstaafu, Mgogo. Akauliza tunatafuta nini. Tukamwambia historia. Akasema, "Sasa wanangu, historia mnaitafuta mkiwa mmeipa mgongo?" Akanyoosha fimbo kuelekea kwenye mabonde yanayoshuka kutoka Kiboriani.

Alitueleza kuhusu maji. Kwamba mambo yote, misafara, wamisionari, Wajerumani, yalifika Mpwapwa kwa sababu moja: ilikuwa na maji. Upande wa magharibi, ukishapita Chunyo, inaanza Marenga Mkali, nyika ya maji machungu, mwendo mrefu bila kisima cha maana. Kila msafara ulipumzika Mpwapwa, ukajaza vibuyu, ukakata usiku na mchana bila kulala ili uvuke. Na ukishavuka salama, unaingia Ugogo. Hapo sasa kisima kipo, lakini kina mwenyewe. Hapo ndipo unalipa hongo.

Nataka tukae kidogo kwenye neno hili. Leo ukisema hongo, akili inakwenda moja kwa moja kwa trafiki na TAKUKURU. Wakati ule hongo ilikuwa malipo ya wazi, mchana kweupe, yanayotolewa kwa mtemi ili upite katika nchi yake, uchote maji yake, ununue chakula kwa watu wake. Yalilipwa kwa nguo, ushanga na waya. Nguo iliyopendwa iliitwa merikani, kwa sababu ilitoka viwanda vya Marekani, ikapakuliwa Zanzibar, ikabebwa kwa vichwa vya watu mpaka kwa mtemi wa Kigogo, naye akaigeuza upande huu na huu na kusema haitoshi. Stanley kwenye kitabu chake cha mwaka 1872 analalamika juu ya hongo ya Wagogo mpaka unamwonea huruma. Analipa huku, siku mbili mbele anakutana na mtemi mwingine, analipa tena. Alikuwa na bunduki, alikuwa na bendera ya Marekani, na alilipa.

Mimi bibi yangu mzaa mama ni wa Mvumi. Nimesoma Dar, na kwa miaka mitatu chuoni nilikuwa nikisikia ule utani mnaoujua wote, wa Mgogo na bakuli la kuomba barabarani. Niliucheka mwenyewe. Pale kwenye benchi la Mpwapwa, mzee yule hakuutaja hata kidogo, lakini ndicho kitu nilichokuwa nakiwaza muda wote: kwamba watu tuliowafanya kielelezo cha kuomba ndio waliowasimamisha wafanyabiashara wa Sultani na wapelelezi wa malkia na kuwaambia lipeni kwanza. Mara ngapi nimepita njia hii? Hakuna kitabu cha shule kilichonieleza hivyo. Kilinieleza tarehe ambayo Stanley alikutana na Livingstone.

Najua kuna atakayesema naremba. Kweli, Wagogo hawakuwa malaika. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na mingine ilikuwa na watu waliofungwa minyororo, nao walipita mbele ya visima vilevile na hongo ikapokelewa. Mwalimu mwenyewe alilisema hili bila kuulizwa. Alisema wapo walionunua na kuuza watu katika nchi hii pia, na kwamba ukitaka kusimulia njia hii usiruke hapo. Nilimheshimu zaidi. Kijana wetu wa kipaza sauti alikuwa ameruka, nadhani kwa nia njema tu, hakutaka kuharibia watu wikiendi. Dada mmoja wa benki aliniambia tukirudi kwamba hakutegemea kulia kwenye pikiniki, na kwamba hakujuta.

Sasa nije kwenye hoja, maana nimezunguka.

Mwaka huohuo 2006 ambao Kondoa iliingia kwenye orodha, Tanzania iliwasilisha UNESCO pendekezo la njia hii ya kati ya biashara ya utumwa na pembe. Maeneo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hesabuni, ni miji sita kwenye mstari mmoja kutoka pwani mpaka ziwani. Ukiwa Mtaliano ungekuwa umeshachapa ramani, umeshaweka vibao, na mabasi yanapigana vikumbo. Sisi tuna Bagamoyo na Ujiji, vichwa viwili vya nyoka, ambako wageni hufika. Mwili wote wa katikati tumeuacha.

Sababu moja ni ya zamani. Reli ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914 haikupita Mpwapwa, ilipita Gulwe, kusini yake. Haikupita Kilimatinde mjini, ilipita bondeni na kupandia Saranda na Manyoni. Kilimatinde ilikuwa na boma la Kijerumani kabla Dodoma haijawa mji. Reli ikaja, mpagazi akakosa kazi, na miji yake ikabaki juu ya milima ikitazama moshi ukipita mbali. Dodoma, kituo cha reli, ikawa mji, mwaka 1973 ikatangazwa makao makuu, mwaka 2018 ikawa jiji. Ninapoiona treni mpya inavyoteleza na kina sisi ndani tumeinamia simu, naiona historia ikijirudia na kiyoyozi juu yake.

Lakini sababu ya pili ni ya kwetu wa leo, na ndiyo inayoniudhi. Tunasubiri majengo. Tunaamini mji wa kihistoria lazima uwe na ngome, na mji usio na ngome hauna cha kuonyesha. Ndiyo maana tulipewa dakika ishirini za picha. Njia ya misafara haikujengwa kwa mawe, ilijengwa kwa miguu, na tembe za Wagogo ni za miti na udongo, hazikai miaka mia tano. Kitu pekee kinachoweza kuisimamisha Mpwapwa mbele ya macho ya mgeni ni mtu anayejua kusimulia akiwa amesimama mahali penyewe. Na mtu huyo amekaa kwenye benchi nje ya duka la vifaa vya ujenzi, hana cheti cha kuongoza watalii, hakuna kampuni inayomjua, na umri wake si wa kungojea mkakati wa miaka mitano.

Tangu ile filamu ya The Royal Tour ya mwaka 2022 sijahudhuria semina ya utalii isiyotaja utalii wa ndani. Nimekula posho zake pia, sifichi (na posho nalo ni neno la misafara, chakula cha mpagazi cha siku). Katika semina hizo zote sijasikia swali rahisi: mwalimu mstaafu wa Mpwapwa alipwe na nani, na kiasi gani, ili awape vijana watano wa pale yale anayoyajua? Na vijana hao wasome nini zaidi ya Burton na Stanley? Maandishi yapo. Selemani bin Mwenye Chande, mtu wa pwani, alisimulia kwa Kiswahili safari yake ya biashara kwenda bara kutoka Bagamoyo, akipita Ugogo, na ikachapishwa Ujerumani mwaka 1901 kwenye kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Kiswahili chetu wenyewe! Kipo pia kisa cha Chuma na Susi na wenzao, waliobeba maiti ya Livingstone kutoka nchi inayoitwa leo Zambia mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Tunafundisha kwamba Livingstone alikufa. Tusiofundisha vizuri ni nani waliomleta.

Na mama lishe wa Kolo asimame akituuzia, tusimpite na maboksi. Ziara isiyoacha kitu mezani kwa mwenyeji imevuka kisima bila kulipa. Kwa hili nasema wazi kwamba naunga mkono hongo, ile ya maana yake ya zamani: kila basi la ziara likiingia Mpwapwa, Kilimatinde au Kolo lilipe kitu kinachobaki kwenye kijiji, kwa risiti, kinunue tanki au kikarabati darasa. Watalalamika, kama Stanley. Watalipa, kama Stanley.

Jumapili ile tuliondoka Mpwapwa tumechelewa kwa saa mbili na zaidi, dereva kanuna. Tulikuwa tumekataa kupanda mpaka mwalimu amalize. Kijana wetu wa Dar, na hapa nampa heshima yake, alizima kipaza sauti, akakaa chini kwenye ngazi ya duka, akatoa daftari na kuanza kuandika.

Wiki hii nimempigia simu mwalimu. Tunapanga ziara yetu wenyewe, kutoka Mpwapwa kwa miguu asubuhi sana kwenda upande wa Chunyo, mpaka pale Marenga Mkali inapoanza, kisha turudi kabla jua halijatuua. Amekubali kututangulia. Ametoa masharti matatu: tupite kwanza ofisi ya kijiji tukalipe, chakula tule palepale kwa mama mmoja aliyemtaja, na mtu asimpite mbele njiani. Tarehe bado, inategemea miguu yake na ratiba ya Bunge. Nafasi ni ishirini na tano, anayetaka aniandikie. Maji kila mtu abebe yake. Chips acheni nyumbani.